Somo la Kumi na Mbili: Kazi Inayokuita

(Haya ni maneno ya somo lililosemwa redioni kwa ajili ya madarasa ya kisomo cha watu wazima, Babati. Yasome polepole. Palipoandikwa SIMAMENI HAPA, weka kitabu chini, zungumza na wenzako, kisha endelea.)

MANENO YA KUJIFUNZA

Wito: kazi ambayo moyo wako unaitaka na mikono yako inaiweza.
Kipaji: uwezo ambao mtu amezaliwa nao.
Gharama: fedha zinazotumika kutengeneza kitu.
Faida: fedha zinazobaki baada ya kutoa gharama.
Mteja: mtu anayekuja kununua kwako, na hasa yule anayerudi.

1. SWALI LA LEO

Ndugu mwanafunzi, hujambo? Natumaini umeketi vizuri, kalamu unayo, na taa inawaka. Juma lililopita tulijifunza kuandika risiti. Leo tutazungumza habari ya kazi yenyewe, ile inayofanya risiti iandikwe.

Tazama mji wetu wa Babati asubuhi. Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha hupita hapa, na ile ya Singida hukutana nayo hapa hapa. Huyu anachoma mahindi awauzie abiria. Yule anashona viatu chini ya mti. Huyu amefika kutoka Bonga na gunia la mbaazi. Yule alikwenda ziwani usiku kuvua perege, huku akiangalia viboko wasimpindue. Wote wanatafuta riziki, na riziki ya halali ni heshima.

Lakini ukimwuliza mmoja wao, "Ndugu, hii ndiyo kazi uliyoitaka?" huenda akacheka. Atakujibu kwa methali: kazi mbaya si mchezo mwema. Au atakuambia: mchagua jembe si mkulima. Methali hizo ni za kweli. Mwenye njaa hana budi kushika jembe lililo karibu. Lakini je, kushika jembe lililo karibu kunakukataza kuuliza ni kazi gani mikono yako inaiweza kuliko nyingine zote?

Watu wengine husema, "Mimi nangoja bahati." Hapa mkoani kwetu Manyara twajua habari za bahati. Mwezi wa Juni mwaka 2020, kule Mirerani, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite yenye uzito wa zaidi ya kilo 14, akalipwa shilingi bilioni 7.74. Kila mtu aliisikia habari ile. Lakini hata yeye hakuyaokota mawe yale njiani. Alikuwa mchimbaji, na mawe yalimkuta kazini. Tena wako wengi waliochimba miaka na miaka wasipate jiwe kama hilo. Basi bahati ikija tutaipokea kwa mikono miwili, lakini hatuwezi kuipanga. Kazi twaweza kuipanga.

Wengine husema, "Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima. Mambo ya vipaji ni ya watoto wa shule." Hao ndio hasa ninaotaka kusema nao leo. Nitawasimulia habari za watu wawili.

2. MWUZA VYUNGU WA FUMBA

Mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake alikuwa mkulima. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alijifunza ufinyanzi kwake. Hakwenda shule, hakujua kusoma wala kuandika. Alipokuwa mtu mzima kazi yake ilikuwa kuuza vyungu. Alivibeba, akatembea kwa miguu mpaka mjini, akavitembeza mitaani.

Sasa sikiliza vizuri. Alipokuwa akitembeza vyungu, aliwaita wanunuzi kwa kuimba. Sauti yake ilikuwa kubwa na tamu, na watu waliijua kabla ya kumwona mwenyewe. Hakukaa chini akajiuliza, "Wito wangu ni nini?" Alitaka vyungu viishe arudi nyumbani. Lakini kipaji chake kilikuwa pale pale, ndani ya kazi yake ya kila siku.

Mwaka 1911 alihamia mjini Unguja. Huko alikutana na mwanamuziki aitwaye Ali Muhsin, ambaye aliisikia sauti ile akaona kwamba ni mali. Akamfundisha kuimba kwa kufuata ala za muziki. Yule mama alikuwa amevuka miaka 30, akaanza kujifunza kama mtoto. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo alizishika kwa kichwa. Baadaye alijiunga na wapigaji muziki mahodari, wakawa kundi moja, wakaalikwa katika nyumba za wakubwa na katika arusi.

Jina lake ni Siti binti Saad.

Si watu wote waliofurahi. Wako waliomdhihaki kwa wimbo, wakamkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa maskini. Naye hakuacha kuimba. Alijibu kwa wimbo pia. Tena alifanya jambo kubwa: taarabu ya siku zile iliimbwa zaidi kwa Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili, watu wa kawaida wakaielewa. Aliimba habari za mitaani na dhuluma zilizowapata wanyonge.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri mpaka Bombay, nchini India, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Sahani zile ziliuzwa pwani yote ya Afrika Mashariki na bara pia. Mwanamke aliyeuza vyungu sasa aliuza sauti yake mahali ambapo miguu yake haikufika. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa, aliandika wasifu wake.

Shika kalamu, tufanye hesabu. Alizaliwa 1880. Alikwenda Bombay 1928. Toa 1880 katika 1928. Umepata ngapi? Umepata 48. Alikuwa na umri wa miaka 48. Andika namba hiyo kwa maandishi makubwa, na mtu akikuambia kwamba umechelewa, mwonyeshe.

SIMAMENI HAPA. Zungumzeni: Kama Siti asingeuza vyungu, je, watu wangeisikia sauti yake? Na kama Ali Muhsin asingemfundisha, je, sauti peke yake ingetosha?

3. RANGI YA BAISKELI

Mtu wa pili alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi. Kama vijana wengi wa wakati ule, aliondoka kwao kutafuta kazi. Alifika Tanga kwenye mashamba ya katani, kisha akaenda Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za mikono za namna nyingi, na kwa muda alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu.

Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora picha. Hakuwa na fedha za kununua vifaa vya wachoraji. Akachukua mbao nyembamba zile zinazopigwa darini, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Vitu hivyo viliuzwa madukani kwa bei ndogo. Akachora chui, tembo, ndege na miti, kwa rangi kali zinazong'aa. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, mahali ambapo wageni walikuja kununua vitu vyao. Mke wake alisaidia kuziuza.

Angalia mambo mawili hapa. La kwanza, Tingatinga hakungoja vifaa vizuri. Alianza na vile vilivyopatikana. La pili, hakuziweka picha nyumbani akangoja watu wabishe hodi. Alizipeleka mahali ambapo wanunuzi hupita. Kazi nzuri iliyofichwa chumbani ni kama mahindi yaliyosahauliwa ghalani: mwishowe hulisha panya.

Mambo yalipokuwa mazuri hakufanya kazi peke yake. Aliwaita jamaa zake na vijana wengine, akawafundisha. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine, akafa. Fanya hesabu tena: toa 1968 katika 1972. Ni miaka minne tu aliyochora. Lakini kwa kuwa alifundisha wenzake, kazi haikuzikwa pamoja naye. Mwaka 1990 wachoraji waliomfuata waliandikisha chama chao cha ushirika. Hata leo picha za namna ile zinaitwa Tingatinga, na watu wengi wanakula kwa kazi hiyo.

4. UTAJUAJE KAZI INAYOKUITA?

Sasa tuje kwako, ndugu mwanafunzi. Huenda wewe si mwimbaji wala mchoraji. Huenda kazi yako ni kufuma vikapu, kuchunga nyuki, kutengeneza redio zilizokufa, kupika, kushona, kuponya mifugo, au kupatanisha watu. Zipo dalili tatu za kuangalia.

Dalili ya kwanza: ni kazi unayoifanya hata usipolipwa. Baiskeli ya jirani ikiharibika, wewe umekwisha kuinama kuitazama kabla hajakuomba.

Dalili ya pili: watu hukufuata kwa ajili ya kazi hiyo. Mara nyingi wengine huona kipaji chetu kabla yetu. Siti aliuza vyungu, watu wakasikia sauti. Basi jiulize: watu wakija mlangoni kwako, huja kuomba nini?

Dalili ya tatu: ukikosea, huchoki kurudia. Katika kazi usiyoipenda, kosa moja hukutia hasira ukaitupa. Katika kazi inayokuita, kosa hukukosesha usingizi mpaka ujue lilikotoka.

Ukiziona dalili zote tatu katika kazi moja, usiipuuze, hata kama watu wanaiita kazi ndogo.

SIMAMENI HAPA. Kila mmoja amtaje mwenzake aliyeketi kulia kwake, aseme: "Mimi nimeona kwamba wewe waweza kufanya jambo fulani vizuri." Mwenye kutajwa asibishe. Aandike katika daftari.

5. KUIPENDA KAZI SI KUISHI KWAYO

Hapa pana jambo ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Wako watu wengi wanaoipenda kazi yao, nao wanalala na njaa. Upendo haulipi ada ya mtoto. Kati ya kuipenda kazi na kuishi kwa kazi pana daraja, na daraja hilo ni hesabu.

Tuseme wewe ni seremala. Unapenda kutengeneza stuli, na watu wanazisifu. Unatengeneza moja kwa siku mbili, unaiuza shilingi 14,000. Unaona kwamba umepata. Sasa tuandike gharama. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako.

Mbao: 7,000
Misumari na gundi: 1,000
Msasa na vanishi: 2,000
Kubeba mbao: 1,000
Jumla: 11,000

Toa 11,000 katika 14,000. Zimebaki 3,000, nazo ni za siku mbili. Kwa siku moja umepata 1,500. Tuseme kibarua wa kulima hulipwa 6,000 kwa siku. Basi wewe fundi, mwenye kipaji na randa, umepata robo ya ujira wa kibarua. Hukuibiwa na mtu. Umejiibia mwenyewe kwa kutoandika.

Je, uache useremala? Hapana. Badili namna ya kuufanya. Nunua mbao za stuli nne kwa mara moja, ili muuzaji akupunguzie, na mkokoteni uje mara moja. Kata miguu yote siku moja, piga randa siku moja, unga siku moja, paka vanishi siku moja. Sasa stuli nne zimekwisha kwa siku nne, yaani kila moja siku moja. Gharama ya stuli moja ni hii:

Mbao: 6,000
Misumari na gundi: 1,000
Msasa na vanishi: 2,000
Kubeba: 250
Jumla: 9,250

Kwa kuwa sasa stuli zinalingana na zimepakwa vizuri, unaziuza 16,000. Toa 9,250 katika 16,000. Zimebaki 6,750 kwa siku moja. Weka kando 750 kwa ajili ya kununua msumeno mwingine siku utakapochakaa. Zimebaki 6,000.

Huenda utasema, "Mwalimu, taabu yote hii ili nilingane na kibarua?" Swali zuri. Lakini tazama tofauti. Mvua ikikatika, kibarua hana shamba la kulima. Wewe una wateja wanaojua mlango wako. Mwaka ujao kibarua atalipwa kwa siku ile ile, lakini mkono wako utakuwa mwepesi zaidi, na mtu aliyenunua stuli atataka meza. Kazi ya wito hukua, maana wewe unakua ndani yake.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani ulikuwa na udhuru, hukujua kuandika. Leo huna udhuru tena. Daftari la mistari na kalamu moja ni vifaa vya kazi kama randa na msumeno.

Tena nakuonya, usiache shamba lako kesho asubuhi kwa sababu umesikia somo hili. Anza kazi yako mpya jioni, au siku moja katika juma. Itakapokulipa miezi kadhaa mfululizo, nawe umeona hivyo katika daftari na si katika ndoto, ndipo uizidishie siku.

6. MAHALI PA KUJIFUNZA

Siti alifundishwa na Ali Muhsin. Wewe utafundishwa na nani?

Kwanza, na fundi aliye karibu nawe. Mwombe ukae karibu naye, ufagie karakana yake, umshikie mbao. Macho hujifunza kabla ya mikono.

Pili, viko vyuo. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chuo chake cha mkoa wa Manyara kipo hapa Babati. Yako mafunzo marefu, na yako mafupi. Tena sikia habari hii njema: kama umejifunza ufundi mtaani bila kwenda chuoni, VETA ina utaratibu wa kukupima ujuzi wako na kukupa cheti. Mwashi aliyejenga nyumba kwa miaka mingi si lazima aanze upya kama mtu asiyejua mwiko. Viko pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima kama wewe. Nenda ukaulize, na uandike majibu.

Tatu, habari ya mtaji. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii atakueleza masharti. Lakini kumbuka kwamba mkopo si zawadi. Mkopo hutangulia, deni hufuata. Usikope kabla ya kuandika ile hesabu ya stuli, au ya maandazi, au ya mizinga, na kuona kwa macho yako kwamba kuna kitu kinachobaki.

7. MANENO YA MWISHO

Ndugu mwanafunzi, nimekusimulia habari za mwuza vyungu na mtumishi wa nyumbani. Hakuna kati yao aliyeambiwa na mtu, "Chagua." Walifanya kazi iliyokuwapo, wakasikia kitu kikiwaita ndani yake, wakakifuata. Walipokifuata walijifunza, wakakipeleka mahali penye watu, nao hawakuona haya kuanza wakiwa watu wazima.

Na ukifanikiwa, jihadhari. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Stuli ya mia moja iwe imara kama ile ya kwanza. Kisha mfundishe mtu mwingine, ili kazi yako isife pamoja nawe.

Kesho asubuhi utakapokwenda kazini kwako, sokoni, shambani, stendi au ziwani, fanya kazi yako kama kawaida. Lakini tega sikio. Huenda unauza vyungu, na watu wanasikiliza sauti.

Kwa heri mpaka juma lijalo. Tutajifunza kupanga daftari la mapato na matumizi, basi njoo na rula.

MASWALI NA ZOEZI

1. Siti binti Saad alikuwa na umri gani alipohamia mjini mwaka 1911? Fanya hesabu.
2. Tingatinga alitumia vifaa gani? Kwa nini?
3. Taja dalili tatu za kazi inayokuita.
4. Andika sentensi tano juu ya jambo ambalo watu huja kukuomba nyumbani kwako.
5. Chagua kitu kimoja unachokitengeneza au kukiuza. Andika gharama zake zote, bei yake, na siku ulizotumia. Je, kwa siku moja umepata shilingi ngapi? Mwonyeshe mwalimu wako wa darasa.